Theluthi Mbili ya Daftari

Mwenyekiti wetu alilinda magari ya watu na hakuwahi kujua kuendesha hata moja. Kazi yake ilikuwa kwenye maegesho madogo nyuma ya maduka ya Greyville, hapa Durban, mahali ambapo siku za mashindano ya farasi hupati pa kuweka hata baiskeli. Alivaa kizibao cha njano kinachong'aa juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, na mfukoni mwa shati hakukosa kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya kusahihisha. Alikuwa amefundisha historia Bujumbura miaka mingi, na mkono wake haukusahau. Ukimwonyesha barua yenye kosa la herufi, alikurudishia ikiwa na mstari chini ya kosa, kisha akaendelea kukuelekezea gari lako kinyumenyume.

Nilikuwa katibu wake kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ni Mkenya, nilikuja Durban kusoma, masomo yakaisha nami nikabaki, na sasa nafanya kazi katika ofisi ya kushughulikia makaratasi ya mizigo bandarini. Chama chetu ni cha kuzikana. Kina Warundi na Wakongo kwa wingi, Watanzania wachache, na Wakenya watatu tunaotaniwa kwamba tuliingia kwa makosa. Mtu wetu akifariki mbali na ndugu zake, chama ndicho ndugu. Tunamtoa mochwari, tunamzika kwa jina lake, na tunapiga simu kwao. Ni kazi hiyo tu, na kwa watu wa hali yetu inatosha.

Ukikaa naye dakika tano lazima angekufikisha kwenye somo lake. Alipenda historia ya namna mabunge yalivyowashtaki na kuwaondoa wakuu wa nchi, ile ambayo kwetu magazeti huiita kumbandua rais. Wanaume wa rika lake walijua mabao ya mpira ya miaka thelathini iliyopita, yeye alijua kura. Alianzia Uingereza, ambako watu wa bunge walichoka na mambo ya ikulu lakini mfalme hawakuthubutu kumgusa, wakawashika mawaziri wake. Kutoka hapo alivuka bahari.

"Madame Katibu, Wamarekani wameshitaki maprezida wangapi?"

"Watatu, Mwenyekiti." Nilishaambiwa mara mia.

"Watatu. Mmoja mara mbili. Na wameondosha wangapi?" Hapo alikunja vidole akafanya duara. "Zero. Wa kwanza aliponea kura moja. Moja tu! Mtu mmoja angeamka na homa ile siku, historia ingekuwa ingine."

Paraguay ilimkasirisha. Walimwondoa rais wao kwa muda wa siku moja na ushee, akapewa saa mbili za kujitetea. "Hata kesi ya kuku inachukua muda zaidi," alisema, na akamsogezea mkono dereva mmoja kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyepiga ile kura. Korea ya Kusini aliiheshimu kwa sababu baada ya bunge kuna mahakama. Lakini kipenzi chake kilikuwa Madagascar. Bunge lilimwondoa rais, mahakama ikakubali, naye akatoka. Akagombea tena akashindwa. Mwenyekiti alisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, ile tunayotumia kuzungumzia mtoto wa ndugu aliyefaulu.

"Bila risasi," alimalizia kila mara. "Hapo tu, ngambo ya maji, umbali wa meli. Bila risasi."

Hakuhitaji kuniambia kwao wakuu waliondoka vipi. Aliwahi kusema mara moja, tukingoja robot, taa ya barabarani kwa lugha ya hapa, iwe ya kijani tuvuke barabara, kwamba katika maisha yake amesikia marais wakitangazwa redioni kwa muziki wa bendi ya jeshi, na mpaka leo akisikia tarumbeta huzima redio. Kisha tukavuka, akaanza kunieleza juu ya Brazil.

Mwaka ule Seneti ya kwetu Kenya ilipomwondoa naibu wa rais, alikuja ofisini kwangu bandarini kwa miguu, na kizibao chake, akitabasamu mpaka mlinzi akadhani ameleta habari ya uzazi. Mimi nilikuwa na hasira zangu za kikwetu na sikutaka kuzungumza na mtu. Alinipa mkono kama mtu anayetoa pole na hongera kwa pamoja. "Naibu si mukubwa mwenyewe," aliniambia kwa kunifariji. "Lakini ni mazoezi."

Kuhusu nchi hii inayotuhifadhi alikuwa na lalamiko moja. Katiba yake ina kifungu kizuri, chenye sababu tatu za kumwondoa rais, yaani kuvunja sheria vibaya, mwenendo mbaya, na kushindwa kufanya kazi, na kinataka theluthi mbili ya wabunge. Lakini wakubwa wa hapa waliotoka kabla ya wakati wao waliambiwa na chama chao waondoke, wakaandika barua. Kifungu kikabaki kipya kama sahani za wageni. Hilo lilimuuma kweli.

Basi alipotuandikia katiba ya chama, alikichukua kifungu hicho na kukileta kwetu chote. Sababu tatu, theluthi mbili. Muhula hakuweka. Tulipomuuliza kwa nini, alisema muhula unafundisha viongozi kuhesabu na kuongeza, lakini kifungu kinafundisha watu kuinua mkono. Kujiuzulu pia hakuweka. Wengi, alisema, wamejiuzulu siku moja kabla ya kura ili wasiandikwe kwamba waliondolewa. "Kwetu huo mulango haiko. Mutu anaingia kwa kura, anatoka kwa kura."

Tulicheka sana. Makamu wake, Mkongo mwenye duka la simu, alisema chama cha watu arobaini kimepata katiba ya milki.

Usidhani alikuwa mtu wa kukubali kupingwa. Mama wa saluni, mama wa Bukavu aliyesuka watu ghorofa ya chini mtaa wa Albert Park na ambaye ulimi wake haukulala, alipendekeza siku moja kwamba mkutano wa Jumapili uanze saa tisa badala ya saa nane, ili wanaotoka kanisani wale kwanza. Mwenyekiti aliahirisha jambo hilo wiki mbili akalichunguze, kisha akarudi na kurasa nne za kukataa. Alihubiri kuhusu kuondoa wakubwa, lakini mtu akikalia kiti chake karibu na dirisha aliugua. Tulikuwa tunamtishia kwa mzaha: "Tutakuletea kifungu!" Naye alifurahi kuliko mtu yeyote. "Mulete! Nawangoja! Iko hapo, imeandikwa!" Nadhani alitamani kweli siku moja tujaribu, kama mtu aliyenunua kizima moto akabaki anakitazama.

Kitu kimoja alichotupa hakimo katika katiba ya nchi yoyote ninayoijua. Katika daftari letu jina halifutwi. Mtu akifa, akihamia Kanada, akirudi kwao, akipotea, jina linabaki, na mkutano ukifunguliwa majina yote yanaitwa. Wafu huitikiwa na yule aliyewafulia nguo mara ya mwisho au jirani wa mlango. Nilikuwa naita jina la mtu tuliyemzika miaka sita iliyopita, na kutoka nyuma sauti inajibu, "Iko." Wageni walishtuka. Sisi tulizoea, na wengine wetu tulikuja mkutanoni hasa kwa ajili ya kumjibia mtu.

"Mimi nimefutwa mara tatu," Mwenyekiti alieleza siku alipoweka desturi hiyo. "Shuleni, kambini, na kwenye ofisi ya makaratasi hapa. Sisi hatufute mutu."

Na kwa sababu zamani makundi mawili yaliwahi kugombania maiti moja mpaka polisi wakaja, aliandika pia kwamba barua ya kumtoa marehemu itasainiwa na Mwenyekiti peke yake. Mochwari walihifadhi mfano wa sahihi yake. Ilikuwa sahihi ndefu yenye mkia, ya mtu aliyesaini ripoti za wanafunzi maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Ilianza kwa vitu vidogo. Alisimulia Paraguay mara mbili katika kikao kimoja. Alimwelekeza dereva kuingia mahali palipokuwa na gari tayari, na mwenye duka akamhamishia upande wa nyuma usio na kazi. Mkewe aliniambia kwamba asubuhi nyingine anavaa kizibao juu ya pajama. Tulisema ni uchovu. Ni rahisi sana kusema mtu amechoka.

Kisha akafariki fundi cherehani wetu wa Uvira, mtu mkimya asiye na ndugu hata mmoja mjini, ambaye alitushonea sote sare za kwaya bila kutupima. Niliandika barua siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akaipokea, akasema ataisaini na kuipeleka mwenyewe kwa miguu kama kawaida yake. Jumapili nikamuuliza. "Wanasema tungoje." Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu alinijibu kwa ukali kwamba mochwari ina foleni, na mimi nikamwamini, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunidanganya, na hata safari hii hakujua kwamba ananidanganya. Nilipopiga simu mwenyewe, wiki zilikuwa zimepita nyingi. Fundi alikuwa ameshazikwa na manispaa pamoja na wale ambao hakuna aliyekuja kuwadai. Walinipa namba ya kaburi.

Barua ilikutwa kwenye mfuko wa ndani wa kizibao. Ilikuwa imesainiwa vizuri. Makosa yangu mawili ya herufi yalikuwa yamepigwa mstari kwa wino mwekundu.

Tulimweleza Mwenyekiti mbele ya mkewe. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ni chama gani hiyo? Mwenyekiti wake ni nani?" Mkewe akamshika mkono. Alipoelewa alinitazama, naye alikuwa yeye kabisa, yule wa kalamu mbili.

"Madame Katibu, andika hoja. Sababu ya tatu."

"Mwenyekiti, wewe pumzika tu. Makamu atashika."

"Makamu hawezi kusaini. Imeandikwa. Andika: ameshindwa kazi. Hakuna kosa, hakuna wizi. Ameshindwa. Hiyo ya tatu ndiyo ya huzuni kuliko zote, ndiyo maana watu wanaiogopa. Muniondoshe ningali najua munaniondosha."

Niliandika. Nilikuwa kwenye meza yangu ofisini saa ya chakula cha mchana, makontena yakishushwa nje, na nilitaka kujua theluthi mbili ni watu wangapi. Nikafungua daftari. Katiba inasema wanachama wote walioandikwa. Walioandikwa walikuwa tisini na sita. Theluthi mbili yao ni sitini na nne. Nikahesabu walio hai na waliopo Durban. Nikahesabu tena kwa kuweka alama kwa penseli. Hamsini na saba.

Hata tukiinua mikono sote, na wagonjwa tukawabeba, hatufiki. Kubadilisha katiba kunataka theluthi mbili hiyo hiyo. Kufuta majina ni marufuku. Wafu wetu, ambao tuliwajibia "iko" kwa upendo kila Jumapili, walikuwa wamemshika Mwenyekiti kwenye kiti na hakuna wa kuwaomba wamwachie. Nilicheka peke yangu kisha nikalia, na mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama ni habari za nyumbani.

Nilimwambia Makamu. Alikuna kichwa. "Eish, Katibu. Mi nilipiga mahesabu ya simu miaka yote, hii sikuona." Nikasema labda tuipuuze hiyo karatasi, tumchague mwingine, basi. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Sisi tunatoka fasi ambayo kila mukubwa alipasua karatasi juu ya sababu nzuri. Kila mmoja iko na sababu nzuri. Tukipasua hii, tunabaki na nini?"

Mwenyekiti nilimweleza siku yake njema. Alifuata hesabu kwa kidole, akafika mwisho, akatikisa kichwa. "Wafu wananipenda sana," alisema. Lakini hakutaka hoja iondolewe. Alisema kuna nchi zilijua kura haitatosha na zikapiga, ili iandikwe.

Tulipiga Jumapili ya mwisho wa mwezi, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja hamsini na mmoja. Niliita majina tisini na sita na yote yaliitikiwa. Hakuna siku niliyochukia kazi hiyo kama siku ile. Makamu aliongoza, Mwenyekiti akakaa mbele peke yake kwenye kiti cha plastiki, maana alisisitiza kwamba mshtakiwa akae mahali pa kuonekana. Mama wa saluni aliomba kusema. Nilidhani atamshambulia. Alisimama, ulimi wote ule ukamkauka.

"Miye nakupenda, Mwenyekiti. Ulizika bwana yangu. Lakini sitaki kuzikwa na namba."

"Ni haki yako, Mama," alijibu. "Inua mukono."

Mikono ikainuka. Kwanza michache, wakitazamana, kisha yote, wengi wamefunika macho kwa mkono wa pili. Mwenyekiti naye akainua wake. Nilihesabu mara mbili kwa sababu nilitaka kukosea. Hamsini na mmoja.

Makamu hakuweza kutangaza. Aliikazia macho ile karatasi niliyompa. Mwishowe Mwenyekiti akasimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, na kwa sauti yake ya darasani akasema hoja imepata hamsini na moja, ilihitaji sitini na nne, hoja imeshindwa, Mwenyekiti anaendelea. Kisha akaniomba niandike kwenye kumbukumbu kwamba kikao kilikuwa cha utulivu.

Baada ya hapo alishuka haraka. Kazi ya magari ikaisha. Barua mbili alizisaini kwa kushikwa mkono, na mimi nikazipeleka mwenyewe siku hiyo hiyo. Tuliishi hivyo, tukiomba mtu asife siku mbaya ya Mwenyekiti. Ni aibu kuandika kwamba maombi ya chama cha kuzikana yalikuwa hayo.

Mama wa saluni alifariki mwezi uliopita, moyo, akiwa amesimama nyuma ya mteja.

Nilipanda ngazi na barua ya kumtoa mochwari Jumamosi adhuhuri. Lifti ya jengo lao Albert Park ni mbovu tangu nilijue, na Mwenyekiti anakaa ghorofa ya saba. Mkewe alinifungulia, akasema anakimbia dukani, nikae na mumewe kidogo. Alikuwa dirishani amevaa kizibao, akitazama magari ya chini, na mara kwa mara mkono wake ulimwelekeza mmoja aingie.

"Karibu, dada. Unatafuta nani?"

"Natoka kwenye chama cha kuzikana."

"Ah, kile." Akageuka kwa shauku. "Cha yule Mwenyekiti. Bado iko? Nilisikia walimuletea kifungu."

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa na barua mkononi, na ukweli ndio uliokuwa na faida kwangu. Lakini alikuwa ananitazama namna ile aliyonitazama siku ya naibu wa rais.

"Tulimwondoa," nikasema.

"Na nani? Asikari?"

"Kwa kura."

"Ngapi?"

"Sitini na nne."

"Juu ya?"

"Tisini na sita."

Macho yalikwenda juu, midomo ikahesabu. "Theluthi mbili kamili," alisema polepole. "Alitoka muzuri? Hakushika kiti?"

"Alitoka vizuri. Yeye mwenyewe aliinua mkono."

"Bila risasi."

"Bila risasi, Mwenyekiti." Jina hilo lilinitoka, lakini hakulisikia. Alikuwa anafuta macho kwa kizibao, na nilikuwa sijamwona na furaha hiyo tangu nimjue.

Ndipo nikampa barua. Aliisoma kwa makini, akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya neno moja, akanirudishia.

"Hii inaomba sahihi ya Mwenyekiti. Mimi ni mulinzi wa magari."

"Saini tu, tafadhali. Ni ya Mama wa saluni. Anangoja."

"Yule wa zamani ameondoshwa, umesema mwenyewe. Hawezi kusaini. Mupelekee mupya."

Nilimbembeleza. Nilimwambia nilikosea, hakuondolewa, kura hazikutosha. Akacheka kwa upole na kuniambia watu wa yule mzee ndio wanaosema hivyo, kila mahali wapo. Alikuwa imara kama zamani, siku za kurasa nne, na kila nilivyoomba ndivyo alivyofurahi kukataa. Alikuwa anailinda ile kura yangu ya uongo.

Basi nikakaa mezani kwake. Kalamu ya bluu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, nikaiomba, akanipa. Ile sahihi ndefu yenye mkia nimeiona miaka kumi na mmoja. Mkono wangu uliiandika mara moja bila kutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Alisogea akainamia karatasi. "Kumbe mupya ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Félicitations, dada." Akanipa mkono wa pongezi, kwa adabu zote. "Na wewe walikupigia ngapi?"

Mama wa saluni tulimzika Jumatano, kwa jina lake. Swali lile sijalijibu.